Waya wa breki ya mbele ya Vespa PX umekatikia kwenye hendo, lazima usukani ufumuliwe?

mtoto_wa_bububu
Assalam aleykum jamani, naombeni msaada. Nna Vespa PX150 ya marehemu baba, ya miaka ya 80, breki za dramu mbele na nyuma, kaipanda Bububu mpaka mjini kila siku mpaka macho yalipomzuia, sasa iko mikononi mwangu na sitaki iozee uani. Juzi jioni nashuka mteremko nimebana hendo ya kulia nkasikia tak! hendo ikaja yote mpaka kwenye mpini, Alhamdulillah mguu ulikuwa juu ya pedo ya nyuma nkasimama. Nimefungua nkaona waya umekatikia pale pale kichwani, kile kidude cha duara kinachokaa ndani ya hendo. Fundi wa mtaani kwetu anasema lazima afumue usukani wote atoe mpaka ganda la nje la waya, siku mbili. Mwengine kanambia nieke waya wa baiskeli tu yaishe. Ushauri wenu jamani, na huu waya unapita wapi hasa, maana juu unaingia ndani ya usukani, chini unatokea kwenye tairi, katikati sioni kitu.

nyigu_mzee
Waalaykum salaam mwanangu, Allah amrehemu baba yako. Usiruhusu mtu afumue usukani kabla hujalijua ganda lina hali gani. Waya unashuka ndani ya bomba la foku, ule uma unaoshika tairi la mbele, pamoja na ule wa mita ya spidi, ndo maana huuoni. Ukikatikia kichwani kama wako mara nyingi ganda liko zima, unabadilisha wa ndani peke yake, kazi ya saa moja.

Nenda chini kwenye tairi, utaona mkono mdogo wa chuma unatoka kwenye dramu, waya umebanwa pale na kibanio chenye nati ndogo. Legeza, ushike waya kwa plaisi uvute kutokea chini. Ukitoka laini, ganda zima. Ukikwama au ukatoka na vumbi la kutu jekundu, ganda nalo limekwisha, na kwetu huku na upepo huu wa chumvi hilo si ajabu.

Ganda likiwa zima, ajasta ya chini, ile skrubu ya kukaza na kulegeza waya, irudishe ndani uache mizunguko miwili mitatu tu. Waya mpya upake grisi wote, ingiza kutokea juu, kichwa kikae mahala pake kwenye hendo. Ukigoma kwenye kona usisukume kwa nguvu, utapinda, uzungushe kwa vidole kufuata msuko wake utapita wenyewe. Na usiukate kabla ya kuupitisha, ncha ikishafumuka haipiti tena popote. Chini sasa hapo ndo wengi wanakosea: kaza nati kwa spana mbili, moja ishike kile kibanio kisizunguke, maana kikizunguka kinausokota waya na utakatikia hapo hapo baada ya miezi michache. Eka tofali chini ya bodi tairi la mbele liwe juu, lizungushe, fungua ajasta mpaka usikie breki inagusa kidogo halafu rudisha kidogo lizunguke huru. Bana hendo kwa nguvu kama mara kumi, waya utakaa na utalegea, kaza tena.

Na kichwa kile kipake grisi nzito pale kwenye hendo. Kinatakiwa kizunguke kila ukibana, kikikauka hakizunguki, waya ndo unaokunjika pale kila siku na nyuzi zinakatika mojamoja bila wewe kujua. Huo wa baba yako haukukatika juzi, umeanza kitambo.

boda_wa_temeke
Mi niliwahi kuweka wa baiskeli kwenye skuta yangu na ilitembea fresh tu kama wiki tatu hivi, ukikosa spea unaweza ukajishikiza nao

nyigu_mzee
Hapana kaka, kwa breki hapana. Wa baiskeli una kama milimita 1.5 au 1.6, wa Vespa unakaribia 2, na kichwa chake hakilingani na tundu la hendo kwa hiyo kinakaa upande. Ukibana kwa nguvu unavutika, na siku unayobana kwa nguvu kweli ni siku mtoto kakatiza njia mbele yako. Kama spea haijapatikana pikipiki ilale nyumbani.

dada_wa_kigamboni
Naongezea kwa upande wa ganda maana langu lilikuwa limeoza. Usije ukalichomoa tu! Nilichomoa kwa pupa nikakesha natafuta njia ya kulipitisha jipya kwenye foku. Funga waya mwembamba mrefu kwenye ncha ya ganda la zamani, zungushia na tepu, ndo uvute, ule mwembamba unabaki ndani unakuongoza kuvutia jipya. Kifuniko cha juu cha usukani ndo kinafunguliwa, skrubu zake ziko chini, na waya wa mita unautoa kwanza ndo kinanyanyuka. Usukani wenyewe mimi sikuutoa.

Spea usihangaike kutafuta ya Italia tu, skuta za LML za India zilitengenezwa kwa umbo hilo hilo la PX, za dramu waya wake unaingia. Ila nenda na wa zamani dukani mpime urefu na kichwa, usinunue kwa maneno ya muuzaji.

mtoto_wa_bububu
Jamani ahsanteni sana sana. Nimefanya leo baada ya Asri mimi na mdogo wangu. Waya ulitoka laini, ganda zima, mzee nyigu ulisema kweli, na kichwani kulikuwa kukavu kabisa hakuna hata dalili ya grisi. Dada nilikwenda Darajani na wa zamani mkononi, wa kwanza alonipa ulikuwa mfupi kwa shubiri nzima. Imeshika vizuri, ila ule mkono wa chini nikibana unakwenda mbali sana, unapita pembe mraba, na ajasta nimeifungua karibu yote. Ndo kawaida?

nyigu_mzee
Si kawaida mwanangu, hizo breki shuu, zile zinazosugua ndani ya dramu, zimeliwa. Usiendelee kukaza waya, utakuwa unaficha tu. Toa tairi, nati zake tano spana 13, kisha fungua dramu uziangalie, na kama zimefika karibu na chuma badilisha zote mbili, usibadilishe moja. Ukishafungua leta picha hapa.