Naomba ushauri: kuangusha migrevilea iliyokaukia wima shambani

Wakuu, habari za leo. Kuna migrevilea (miti ya kivuli) minne imekaukia wima katikati ya kahawa, unene wa shina kama sentimeta 35. Magome yamebanduka yenyewe na ukigonga kwa mgongo wa panga linalia kavu, kwa hiyo sehemu ya juu inafaa kuni mara moja. Shida ni mita moja ya chini: inanyonya unyevu wa ardhini, na mchwa wameshaila upande mmoja.

Mti mbichi hukatwa mdomo (pengo) wa robo ya unene upande wa kuangukia, kisha unakata nyuma ukibakiza bawaba, yaani ukanda usiokatwa unaouongoza mti unapoanguka, ya sentimeta 3 au 4. Kwenye mti mkavu nyuzi hazipindi. Bawaba hukatika ghafla, mti ukaenda unakotaka wenyewe. Na ukigonga kabari kwenye mkato wa nyuma, mtikisiko unaangusha matawi makavu ya juu moja kwa moja kwa mkataji, na hilo ndilo linanitisha hasa.

Je, mnabakiza bawaba nene kiasi gani? Kukata usawa wa kiuno, juu ya palipoliwa na mchwa, ni salama? Au bora kamba, mvutaji akae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti? Kahawa iko mita 2 tu kila upande.