Sertifika iko na jina ya bwana peke: wakiachana, parsele ni ya nani?

Mutoto wa Kadutu: Wandugu salamu. Kuna mambo iko inatugawa hapa avenyu yetu. Bwana na bibi wameachana, ndoa ilikuwa ya komine (ofisi ya serikali), watoto wane. Parsele (kiwanja) ya Panzi, hapa Bukavu, waliinunua wakiwa wameshaoana, lakini fishi na sertifika, karatasi za kiwanja, zote ziko na jina ya bwana tu. Sasa bwana anasema bibi abebe masahani yake aende kwao. Wazee wengine wanamuunga mukono, wengine wanasema ni bwizi. Sheria inasemaka nini, na nyinyi munaona haki iko wapi?

Papa Ushindi: Jina ni ya nani? Ya bwana. Basi imeisha. Mimi napanga mustari ku kadastre (ofisi ya kupima viwanja), nalipa taxi zote, nagombana na majirani juu ya mipaka, kisha siku mutu anachoka na mimi anabeba nusu? Wanawake ya leo wanaolewa na parsele, hawaolewi na mutu. Na mbele tuongee nyumba, familia yake irudishe kwanza ng'ombe ya dote (mahari).

Metre Kijana: Papa Ushindi, polepole. Kode ya familia, sheria ya Kongo juu ya ndoa, ni ya 1987, waliitengeneza tena 2016. Iko na rejime tatu, ni kusema njia tatu za kushika mali: kila mutu na vyake, komunote (mali ya pamoja) ya vile mulipata mukiwa mu ndoa, na komunote ya vyote. Siku ya ndoa mukinyamaza, sheria inawaweka yenyewe mu ile ya katikati. Kwa hiyo parsele ikinunuliwa kisha ndoa, na franga haikutoka mu uriti wala mu zawadi ya mumoja wao, ni ya wawili, jina ku sertifika isikudanganye. Hata kuuza, bwana hawezi kuuza bila bibi kukubali. Yule bibi aende ku tiribinali ya pe (mahakama ya amani), asikimbilie ku wazee ya avenyu.

Mama Furaha: Ng'ombe gani?? Papa, familia yenu ilitoa ng'ombe, huyu mwanamuke ametoa watoto wane na anaamukaka saa kumi ya usiku kwenda kupokea mboga za Kabare azipange Nyawera, mvua inyeshe isinyeshe. Bukavu hii tunajuana. Bwana mushahara inakawia, minervale (pesa ya masomo) ya watoto inatoka wapi? Inatoka ku nyanya. Sima (saruji) ya ile nyumba ya Panzi, mutu aniambie inatoka wapi.

Papa Ushindi: Mama Furaha sikusema wanawake hawatumikake, usiniwekee maneno mu kinywa. Nimesema ng'ombe. Kwetu Walungu dote ni ng'ombe, haiko karatasi ya Kinshasa. Ndoa ikivunjika ng'ombe inarudi, hata bibi yangu anajua.

Bahati Nguba: Swali ya kijinga. Kama ng'ombe ilizaa kwa wakwe, inarudi peke yake ao inarudi na bana yake?

Muzee wa Bagira: Inarudi yenyewe. Ndama zinabaki juu walioichunga ni wakwe.

Papa Ushindi: Hapana muzee. Kwetu tunahesabu.

Muzee wa Bagira: Kwenu wapi? Mi nimekaa mu mabaraza ya ndoa mbele wewe uoe. Bibi akishazalia mutu watoto wane munaenda kudai ndama? Ku baraza watu watawacheka.

Bahati Nguba: Na kama ilikufa? Ao vita iliikula? Ng'ombe za Bushi, inchi ya Washi, zilimalizika na vita, wengi waliotoa ng'ombe siku hizi wametoa dola wakaiita ng'ombe. Sasa hiyo dola nayo ilizaa? 😂

Metre Kijana: Mbele mupotee kabisa: mali ya ndoa na dote ni dosie mbili. Kode inasema dote lazima itolewe, hata kipande, ndipo ndoa ifungwe, na inaenda kwa wazazi wa binti. Kuirudisha kunafuata desturi. Lakini hakuna pahali imeandikwa eti ng'ombe isiporudi bibi anakosa sehemu yake ya nyumba. Ng'ombe walikula wazazi, juu ya nini muilipize kwa bibi?

Papa Ushindi: Metre, unatetea wateja wako wa kesho, tumeona.

Metre Kijana: Nikiwa natafuta wateja ningekuambia bwana yuko na haki, ili aende kushindwa na alipe mara mbili.

Yaya Neema: Samahani niingilie. Sisi wenye tuko na padiri tu? Dote ilitoka yote, misa ilifanyika, ku komine hatukufika juu kila mwaka bwana anasema kesho. Tumejenga Cimpunda.

Metre Kijana: Yaya, baraka ya kanisa peke mbele ya Leta (serikali) haina nguvu ya ndoa. Ile ndoa ya kifamilia, yenye dote, sheria inaitambua lakini inataka muiandikishe, na muda iliyowekwa ni mwezi mumoja kisha sherehe. Muende sasa, hata mumechelewa, wakati bado munapendana. Na kila risiti ya sima na mabati uiweke pahali pako.

Mama Furaha: Neema sikia Metre! Hiyo "kesho" ya wanaume naijua, iko na sababu yake.

Papa Ushindi: Unaona? Ndoa bado nzima, munamufundisha mutu kuficha risiti. Hii njo inavunja nyumba za watu.

Mama Furaha: Nyumba inayovunjwa na risiti ilikuwa imejengwa na nini?

Muzee wa Bagira: Na tena munagombania nini? Tangu ile sheria ya 1973 udongo wote ni ya Leta. Bwana haiko na parsele, bibi haiko na parsele, Leta njo iko na parsele, nyinyi muko na karatasi.

Bahati Nguba: Muzee basi Leta ilipe dote 😂😂

Muzee wa Bagira: Unacheka. Kule Kinshasa depite (mubunge) mumoja alitaka kuweka kipimo: dote isipite dola 500 mu miji na 200 mu vijiji. Wazazi walipiga makelele kuliko wanaume.

Bahati Nguba: 500? Mi nilipewa faktire ya kurasa mbili. Mbuzi, kostime ya baba, viatu vya baba, kitenge ya mama, kitenge ya shangazi, bisikileti ya kaka wa mama ambaye hajui hata kuendesha. Kisha chini wameandika "na vingine".

Mama Furaha: Na vingine ni nini?

Bahati Nguba: Hadi leo mama mukwe anaongezaka.

Papa Ushindi: Sasa munanielewa. Mutu amelipa yote hiyo, kisha munamuambia tena agawe nyumba.

Mama Furaha: Kwa hiyo ulinunua mutu. Ungesema tangu mwanzo tusichoke.

Papa Ushindi: Sikusema kununua! Nimesema kuheshimu familia. Wewe binti yako utamutoa bure?

Mama Furaha: Binti yangu nitachukua mbuzi mbili na kitenge, na siku ya komine nitasimama nyuma yake nisikie kwa masikio yangu rejime gani anachagua. Bisikileti mubaki nayo.

Bahati Nguba: Mama Furaha, mbuzi mbili tu? Binti iko na miaka ngapi? Naulizia mudogo wangu, haiko na deni.

Mama Furaha: Aje na wazazi wake, siyo na wewe.