"Bidhaa za stima hazirudishwi": duka la spea Nakuru limeniuzia koili feki, sasa linasema kosa ni langu kwa kuzifunga nyumbani

Wanajukwaa, nawaomba mnivumilie, kwa sababu uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira ambayo haijatulia tangu Jumatano. Duka lenyewe sitalitaja. Itoshe kusema kwamba liko katikati ya jiji la Nakuru, na kwamba juu ya kaunta yake pamebandikwa karatasi yenye maandishi mekundu: BIDHAA ZA STIMA HAZIRUDISHWI. Karatasi hiyo imenigharimu shilingi 18,000.

Gari langu ni Probox yenye injini ya 1NZ, ile ile inayobeba nusu ya mizigo ya nchi hii. Mwezi uliopita lilianza kumisi, yaani silinda moja ilikuwa ikiruka zamu yake ya kuchoma petroli. Nikilisimamisha kwenye taa, usukani ulitikisika mpaka funguo zikawa zinagongana, na nikilipandisha mlima taa ya injini ilipepesa. Taa hiyo ikiwaka tu, mtu anaweza kufika nyumbani na kutafakari, lakini ikipepesa maana yake ni kwamba petroli isiyochomwa inaingia kwenye ekzosi na kukiunguza kichujio cha moshi, ambacho bei yake inaweza kumfanya mtu auze ng'ombe. Nilichomeka kile kifaa kidogo cha kusomea hitilafu chini ya usukani, simu ikanionyesha P0302, yaani silinda ya pili haichomi. Sikukimbilia dukani. Nilihamisha koili ya silinda ya pili, yaani kile kifaa cha stima kinachoipa plagi nguvu ya kurusha cheche, nikaiweka kwenye ya tatu, ya tatu nikairudisha kwenye ya pili, nikafuta hitilafu, nikaendesha hadi Njoro na kurudi. Hitilafu iliyorudi ilikuwa P0303, yaani sasa ni silinda ya tatu. Ugonjwa ulikuwa umeifuata koili, kwa hiyo plagi, nozeli zinazonyunyiza petroli na waya hazikuwa na lawama.

Nilikwenda dukani nikiwa na koili hiyo mkononi, na namba yake ya kiwanda, 90919-02240, nikiwa nimeiandika kwenye karatasi ili pasitokee mabishano. Kijana wa kaunta alinishauri kwamba nikibadilisha moja nibadilishe zote nne, kwa kuwa zimezeeka pamoja. Ushauri huo si mbaya, na ndiyo sababu niliumeza. Niliuliza mara mbili kama ni halisi. Akaniapia kuwa ni halisi, zimetoka Japani, shilingi 4,500 kila moja. Nikalipa kwa simu, nikapewa risiti iliyoandikwa "koili 4" bila namba yoyote, nami kwa upumbavu wangu sikuigomea.

Kazi yenyewe niliifanya Jumamosi mbele ya nyumba, Kiamunyi. Nilitoa waya hasi wa betri, nikaondoa plastiki inayofunika juu ya injini, nikabonyeza klipu za soketi polepole kwa sababu plastiki ya miaka kumi na tano huvunjika kama biskuti, kisha nikafungua boliti moja ya spana namba 10 kwenye kila koili. Kosa moja nalikiri: koili ya nne niliivuta moja kwa moja bila kuizungusha kwanza, na mpira wake ukachanika. Lakini hiyo ilikuwa ya zamani. Nilimulika tochi ndani ya mashimo yote manne kutafuta oili, kwa maana gasketi ya kifuniko cha injini ikivuja oili hujaa humo na kuharibu mpira wa koili, nikayakuta makavu. Nikaweka na plagi mpya, kwa kuwa plagi iliyolika huwa na nafasi pana, na nafasi ikipanuka koili hulazimika kusukuma volti nyingi zaidi kuirusha cheche. Injini ikawaka na kutulia kabisa.

Siku tisa baadaye nilikuwa nikimpeleka mama mkwe Molo. Tulipofika kwenye mlima wa Sachangwan, trela likiwa mgongoni mwangu, gari likapoteza nguvu ghafla hata nikatembea mwendo wa punda, taa ikipepesa na mama akinyamaza kwa namna ambayo wakwe tu huweza kunyamaza. Nilipata mahali pa kuegesha, nikasoma: P0301 na P0304, yaani silinda ya kwanza na ya nne. Koili mbili mpya zilikuwa zimekufa pamoja. Nilichomoa waya za nozeli za silinda hizo mbili ili petroli isiendelee kumwagwa kwenye ekzosi, tukageuza, tukarudi Nakuru tukiteremka kwa silinda mbili.

Nyumbani nilizirudisha koili tatu za zamani zilizokuwa bado nzima, ile ya mpira uliochanika nikaihamishia mpira wa ile ya zamani iliyokufa, na nafasi ya nne nikaweka moja ya zile mpya ambayo ilikuwa bado inafanya kazi. Gari limetulia hadi leo. Nguo kuukuu zimeishinda ya sherehe.

Jumatano nilirudi dukani na zile mbili zilizokufa. Kijana hakuzitazama hata kidogo.

"Mwalimu, vitu za stima hazirudishwi. Hata hapo tumeandika."

Nikamwambia zimedumu siku tisa.

"Ni nani aliziweka?"

Nikasema ni mimi. Hapo ndipo alipocheka, akamgeukia mwenzake na kusema kwamba walimu wa siku hizi wanajifunza ufundi kwenye simu, kisha akanieleza kwamba bila shaka nilibadilisha waya nikaziunguza.

Ndugu zangu, soketi ya koili hii ina pini nne na umbo linaloingia upande mmoja tu. Huwezi kuigeuza hata ukitumia nyundo. Na kama ningekuwa nimechanganya waya za silinda, injini ingegoma dakika ile ile ya kwanza; isingenisubiri siku tisa mpaka nifike Sachangwan. Nilimweleza hayo yote kwa utaratibu. Akaendelea kuhesabu boksi za plagi.

Niliporudi nyumbani ndipo nilipozichunguza vizuri, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kulipa. Kwenye koili ya zamani, maandishi ya ubavuni hayasuguliki kwa kidole wala kwa petroli. Kwenye mpya, nililowesha kidole gumba kwa mate nikasugua, tarakimu ya mwisho ya namba ikabaki kwenye kidole. Jirani yangu mwenye bucha alinipimia zote mbili kwenye mizani yake: mpya ilikuwa pungufu kwa gramu 40. Ndani ya koili kuna nyaya za shaba zilizozungushwa maelfu ya mara ili volti 12 za betri zigeuke kuwa makumi ya maelfu. Kama gramu 40 hazimo, nataka kuambiwa ni nini kilichoachwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sijaona mahali kinaposema "isipokuwa vitu za stima." Nimemwandikia mwenye duka barua na kumpa siku 14, na asipojibu nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yangu ni 18,000.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Aliyenunua koili za 1NZ Nakuru hivi karibuni azisugue namba kwa kidole chenye mate, kisha aweke picha hapa. Na kama yupo aliyewahi kurudishiwa pesa za kifaa cha stima mbele ya karatasi kama ile, aniambie alitumia maneno gani.