Eti "kilicholegea ni mguu wako"! Wakuu, huyu fundi wa kalipa nyekundu ananitafuta

Bwana Torki (mleta uzi)
Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka vidole vinagonga herufi mbilimbili, mtanisamehe.

Jina simtaji, hana haja ya kutajwa. Mnamjua nyote. Yule mtaalamu ambaye ukimpelekea gari lililoungua taa ya kushoto anakwambia dawa yake ni kalipa (ule mkono unaobana pedi za breki kwenye diski) za pistoni sita. Nikampa langu. Akavua breki zote za mbele, akafunga diski kubwa kiasi kwamba ukiegesha juani watu wawili wanapata kivuli, na kalipa nyekundu zinazoonekana ukiwa mwezini. Mafuta ya breki je? Akaacha yaleyale ya zamani, meusi kama masizi ya sufuria. Nilipomuuliza akasema, "Mafuta ni mafuta."

Haya, traki, uwanja wa mbio za magari. Mizunguko ya mwanzo raha tupu, gari linasimama mpaka miwani inataka kuhama uso. Halafu mwisho wa ule mnyoofu mrefu, spidi imepita 200, nakanyaga pedeli, inazama. Sisemi imelegea, nasema IMEZAMA! Imeshuka kwenda kusalimiana na sakafu. Nikapampu, nikashusha gia, nikawasamehe wote ninaowadai, gari likapitiliza kona na kwenda kulala kwenye changarawe.

Lakini si hilo lililonileta. Changarawe nimeshaisamehe. Lililonileta ni ya piti, pale kando ya traki magari yanapotengenezewa. Gari limevutwa, limekaa mpaka limepoa, watu wamejaa. Anakuja mwenyewe taratibu, anaingia, anakanyaga pedeli mara moja. Ngumu! Imerudi! Anashuka, anachukua taulo LANGU, anajifuta mikono kidole kimoja kimoja, kisha anasema kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani: "Breki nzima hizi, ndugu yangu. Kilicholegea ni mguu wako."

Mguu wangu! Mbele za watu! Na taulo langu mkononi! Kuna mmoja alicheka mpaka akaegemea gari langu asianguke. Mguu huu umekanyaga klachi ya mashindano kwenye foleni kutwa nzima, leo ndio umelegea?

Naomba mnisaidie kulaani. Ushauri sitaki.

Kona Kali
Pole sana mkuu. Swali dogo tu: taulo alirudisha?

Bwana Torki
Alilitupia juu ya boneti. Limekunjwa vizuri, utadhani mimi ndiye niliyeliazima kwake.

Gia ya Tatu
Kilicholegea ni mguu hahahahaha. Niko kikaoni, bosi ananiuliza nacheka nini, nashindwa nianzie wapi.

Mama Spana
Mleta uzi, mafuta yamechemka hayo, hakuna uchawi. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kadiri yanavyokaa. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishakula maji, kiwango kinashuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo mguu wako ulikuwa unabana mvuke badala ya kubana pedi. Gari likipoa mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedeli inarudi ngumu, ndiyo maana piti alikanyaga akakuta iko sawa. Sasa nikuulize. Umejibiwa "mafuta ni mafuta", ukaona yalivyo meusi, na bado ukaenda kukanyaga zaidi ya 200? Pistoni sita, swali moja!

Bwana Torki
Mama, shikamoo, lakini darasa sikuomba. Hiyo habari ya mvuke angeiweza kuisema yeye pale pale na ningemshukuru. Alikuwa na maneno yote ya dunia mdomoni, akachagua mguu.

Mzee wa Mizunguko
Vijana mnapenda rangi. Spidi ikiwa mara mbili, joto la kusimamisha gari ni mara nne. Kutoka 200 si sawa na kutoka 100, breki haina huruma ya hesabu. Unaanza na mafuta mapya ya kuvumilia joto na pedi za traki, halafu hozi za kusukwa kwa waya wa chuma, halafu mabomba ya kupeleka hewa kwenye diski. Kalipa ni baadaye. Tena tairi ndilo linalosimamisha gari. Kalipa kubwa kwenye tairi lilelile haibadilishi sana breki ya kwanza, inakusaidia breki ya ishirini.

Bwana Torki
Mzee wangu, heshima yako. Nimesoma yote mara mbili, sijaona ulipogusia mguu.

Gia ya Tatu
Mguu haupo kwenye orodha kwa sababu huwa unakuja na dereva. Labda wako uliagiza mtumba.

Diski Nyufa
Nyie mnalilia mafuta. Mimi huyohuyo aliniuzia diski za matundu. "Hizi zinapumua." Zimepumua weee, mpaka ufa ukatoka tundu la kwanza ukaenda kulitembelea la pili. Nikampelekea diski mkononi. Akaiinua juani, akafumba jicho moja, akaniambia, "Hayo ni maua ya kiwandani."

Kona Kali
Maua! Kwa traki chukua diski zisizotobolewa au zenye mifereji, hayo matundu ndiyo yanayoanzisha nyufa.

Diski Nyufa
Asante kwa kunijulisha mwaka mzima baadaye.

Pedi Mbichi
Afadhali yenu mnapasuka kwenye traki. Mimi alinifungia pedi za mashindano kwenye gari ninaloendea kazini. Asubuhi zikiwa za baridi hazishiki, zinataka kwanza zichemshwe. Na zikishika zinapiga yowe, mlinzi wa getini ananifungulia kabla hajaniona. Rimu zimekuwa nyeusi kwa vumbi, watu wananisifia rangi mpya.

Mama Spana
Ulizizoesha? Pedi mpya zinahitaji breki kadhaa za kupanda taratibu, bila kusimama kabisa, halafu unaziacha zipoe.

Pedi Mbichi
Nilizizoesha. Mimi ndiye sijazizoea.

Zero Torki
Samahani kwa kuingilia. Wenzangu huwa mnavuta breki ya mkono mkitoka traki? Jamaa yangu alivuta diski zikiwa bado za moto, pedi za nyuma zikaacha alama, sasa gari linatetemeka akikanyaga. Anasema ni barabara.

Mzee wa Mizunguko
Barabara inatetemeka akikanyaga breki tu? Mpe pole hiyo barabara. Unatembea mzunguko mmoja wa kupoza, unaingia, unaliacha gari kwenye gia na kuweka jiwe kwenye tairi. Breki ya mkono usiiguse.

Bwana Torki
Jamani, turudi kwenye mada. KIDOLE KIMOJA KIMOJA alikuwa anajifuta.

Gari Jipya
Nimejifunza mengi kwenye uzi huu. Naona dukani kuna DOT 5, naona namba ni kubwa kuliko 4. Nimwage yangu nijaze hiyo?

Mama Spana
USITHUBUTU. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine. Inayokwenda na DOT 4 ni DOT 5.1. Angalia hiyo nukta kabla hujafungua kopo.

Gari Jipya
Nimeshafungua kopo ila sijamimina. Linarudishwa?

Kona Kali
Uzi huu utatuua. Wakuu, kwa vile mpo wengi: rimu zangu ni za inchi 17, hizo kalipa za pistoni sita zitaingia?

Diski Nyufa
Inategemea. Kuna rimu za 17 zinaingia na kuna za 18 zinagoma, kwa sababu spoku zimejikunja kwa ndani. Watengenezaji wengi wanatoa mchoro wa kalipa. Unachapisha, unakata, unabandika kwenye kadibodi, unaijaribu ndani ya rimu.

Kona Kali
Nimechapisha sasa hivi. Kalipa imetoka saizi ya kiberiti. Inaingia vizuri sana.

Mama Spana
Chagua asilimia 100, usiache printa ikupunguzie ili ienee kwenye karatasi. Kwenye mchoro kuna mstari wa kupimia, weka rula.

Bwana Torki
Kuna mtu yeyote bado anamlaani huyu fundi?

Kona Kali
Subiri mkuu, printa imekwama karatasi.