Mama amebadilika ghafla, anasahau kila kitu. Tuanzie wapi vipimo?

MtotoWaNewala
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mama yangu ana miaka 71, yuko kijijini Newala, mimi naishi Mtwara mjini. Msimu wa korosho uliopita alikuwa anakumbuka kilo alizopeleka ghalani kuliko hata karani. Sasa anauliza jambo lile lile mara kwa mara, chungu kinaungua jikoni, na anamwita mjukuu kwa jina la mdogo wake mwenyewe aliyekwisha kufariki. Siku nyingine yuko sawa kabisa, siku nyingine hajui kama ni asubuhi au jioni. Ana kisukari cha muda mrefu.

Tulipompeleka kutibiwa tuliambiwa ni uzee, tumvumilie. Kaka anataka apelekwe kwa mganga. Majirani nao wameanza maneno. Moyo wangu unakataa. Nani amepitia hili?

Muuguzi_Kusini
Pole sana ndugu yangu. Moyo wako uko sahihi. Mzee anaweza kuchelewa kukumbuka jina, baadaye likaja. Lakini kubadilika haraka hivi kuna kitu kimesababisha, na kitafutwe. Naomba unijibu: anameza dawa gani zote, pamoja na za dukani na za mitishamba? Aliwahi kuanguka? Ana homa, au maumivu akikojoa?

MtotoWaNewala
Homa hana. Kwa kisukari anatumia metfomini miaka mingi na glibenklamidi. Miguu ilikuwa inawaka moto, akaongezewa amitriptilini ya usiku. Mafua yakimshika anajinunulia Piriton. Dada anasema kabla ya Ramadhani aliteleza bafuni akagonga kichwa, ila hakutoka damu.

Muuguzi_Kusini
Asante, umetusaidia sana. Amitriptilini na Piriton zote mbili huvuruga kumbukumbu za wazee, na akizitumia pamoja ndiyo zaidi. Glibenklamidi nayo inaweza kushusha sukari mno, hasa akimeza bila kula, na sukari ikishuka mtu huchanganyikiwa. Dada ampime sukari saa ile ile anapopotea, aandike namba. Metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu na pia ganzi na kuwaka miguu. Kwa hiyo hata ile miguu isichukuliwe kuwa ni kisukari tu. Tafadhali msimwachishe dawa wenyewe. Wekeni zote kwenye mfuko mmoja, daktari azione.

Mmasasi_Halisi
Mimi nishike hapo kwenye kuanguka. Baba yangu aligonga kichwa kidogo tu, tukasahau. Wiki kadhaa baadaye akawa analala mchana kutwa, anayumba, anatutaja vibaya majina. CT scan ikaonyesha damu imevia kati ya fuvu na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, leo anasimamia shamba lake mwenyewe. Usikubali jibu lolote kabla kichwa hakijapigwa picha.

BibiMikindani
Mwanangu, mganga hawezi kupima damu. Na hayo maneno ya majirani yakateni mapema, vikongwe wameumizwa kwa maneno kama hayo. Mwulizeni mama pia kama ana huzuni. Mume wangu alipofariki nilikuwa nasahau hata mlango wangu, kumbe ilikuwa sonona, nikatibiwa.

MtotoWaNewala
Bibi, shikamoo na asante. Mdogo wake aliyefariki walikuwa wanalala nyumba moja. Hatukuwahi kulifikiria hilo. Sasa nimpeleke wapi, na niombe vipimo gani?

Muuguzi_Kusini
Hospitali ya mkoa ya Ligula hapo Mtwara mjini, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Uliza dirisha la wazee na utaratibu wa msamaha wa gharama za matibabu. Mwambie daktari lini yalianza, na mama aende na dada anayeishi naye, maana mama mwenyewe atasema hajambo. Zungumzeni na daktari kuhusu damu picha kamili, sukari, figo, chumvi za mwili, mkojo, tezi ya shingo, B12, VVU na kaswende. Msione haya kwa hivyo viwili vya mwisho, kwa sababu vyote huathiri ubongo na vina dawa. Apimwe na masikio na macho. Vikitoka vizuri vyote, ndipo daktari azungumzie Alzheimer, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu polepole, au madhara ya shinikizo la damu kwenye ubongo.

Na kwa kuwa aligonga kichwa, akianza kutapika, kuumwa kichwa sana, kulegea upande mmoja au kulala kusiko kwa kawaida, msingoje siku ya kliniki. Tafuteni gari usiku huo huo.