Wamekagua umri wangu mara 3, gongo la wapinzani halikukaguliwa hata mara 1

Wakuu salaam.

Nilijiambia nisiandike hadi hasira zishuke. Mechi ilikuwa Jumamosi, leo Jumatano, na bado ziko palepale. Mnivumilie, uzi utakuwa mrefu na huenda nikaruka huku na kule.

Nacheza softiboli ya wazee, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo, hapa Louisville, Kentucky, Marekani. Ile ya mpira wa taratibu: mrushaji anaurusha mkono ukiwa chini, unapanda, kisha unamshukia mpigaji kama embe lililoiva. Kanuni inataka upande angalau futi 6 na usizidi 12. Timu zinapangwa kwa umri, 50, 55, 60, 65, hivyo hivyo kila miaka 5, na nimeshaona babu wa miaka 80 na ushee akikimbilia kituo cha kwanza na goti la bandia. Mimi niko kundi la 60 na zaidi. Nalinda nyuma kushoto, maana tangu utotoni kule Fizi, mashariki mwa Kongo, nilikuwa mtu wa kuangua maembe kwa mawe na mkono haujasahau.

Na gongo ninalolitaja humu ni la kupigia mpira. Nyie wa Tabora na Kigoma mlioanza kucheka, acheni.

Mashindano sitayataja, wala mji. Ilikuwa mechi ya pili, asubuhi, ubaridi haujaisha. Mrushaji wetu ni mzee wa miaka 66, dereva mstaafu wa basi la shule, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akitukana hata refa. Anavaa barakoa ya vyuma usoni kwa sababu mke wake alimwambia bila hiyo asirudi nyumbani. Miguuni hana kitu.

Akaja mpigaji wao wa nne, mabega kama mlango. Gongo lake nilikuwa nimeliona zamu iliyotangulia, limeegemezwa kwenye uzio karibu na ndoo yetu ya maji. Jeusi, rangi imebanduka katikati, muhuri wa chama wa kuonyesha gongo ni halali unasomeka nusu. Na kwenye kofia ya mwisho, pale kilele, kulikuwa na mstari mweupe wa gundi mpya umezunguka kama pete. Sikusema kitu. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Wanaojua wanajua. Magongo mengi ya siku hizi ni bomba la nyuzi za kaboni, ndani tupu. Mhuni anang'oa kofia, anaingiza mashine, anakwangua ukuta wa ndani uwe mwembamba, anarudisha kofia kwa gundi. Ukuta ukiwa mwembamba unabonyea mpira unapogonga halafu unausukuma, kama kitanda cha springi. Wengine hawakwangui, wanalipitisha katikati ya roli mbili na kulibana mpaka nyuzi zilegee kabla ya wakati wake. Yote mawili ni haramu na kila mtu mwenye leseni ya urefa analijua hilo.

Mpira ukarushwa, jamaa akaupiga. Gongo zima la kaboni linalia "tok". Hili lililia kama kofi kwenye maji. Mpira haukupanda hata kidogo. Ulikwenda sambamba na majani ukampata mzee wetu kwenye ugoko. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole kama mtu aliyekumbuka jambo, akakunja suruali. Nilipofika kutoka kule nyuma uvimbe ulikuwa umeshatoka, ukubwa wa yai la bata, na juu yake, Mungu shahidi, alama za mshono wa mpira zimechorwa kwenye ngozi. Ungeweza kuzihesabu.

Kiongozi wetu akamwendea refa. Refa akalishika gongo, akaligeuza mara moja, akasema lina muhuri, tuendelee. Kiongozi akasema tunakata rufaa lipimwe. Akaambiwa rufaa ni dola 100 taslimu, na tukishindwa hazirudi. Sawa. Tukachangishana pale pale, hizi ishirini, hizi kumi, mwingine akatoa noti za dola moja moja za kununulia soda. Tukapeleka kwenye hema la waandaaji. Mle ndani tukaambiwa mashine ya kubinya magongo ipo, ila imebaki ofisini. Ofisi iko mji mwingine.

Nauliza, wakuu: mnakusanya ada ya rufaa ya kipimo ambacho hamjakuja nacho?

Sasa sikilizeni kilichofuata, ndicho kinachoninyima usingizi.

Zamu yetu ya kupiga ikafika. Nikapiga katikati ya walinzi wawili, nikakimbia, nikafika kituo cha tatu nimesimama wima. Kiongozi wa wapinzani akatoka kwenye benchi lao mikono juu: mchezaji huyu si wa miaka 60, nataka kitambulisho. Na kwa umri, jamani, hapakuwa na dola 100. Hapakuwa na rufaa. Refa akasimamisha mchezo papo hapo.

Nikatoa leseni ya udereva. Imeandikwa 01/01/1963. Refa akaitazama, akanitazama, akamwita mwenzake. Mara ya kwanza hiyo. Mwenzake akaipeleka kwenye hema. Mara ya pili. Kwenye hema wakafungua orodha ya timu wachunguze majina yote, wakamkuta ndugu yetu Mrundi, anayelinda kati, naye 01/01, mwaka 1964. Ikawa balaa. "Nyie wawili mmezaliwa siku moja?" Wakaniita tena na kuniambia nilete karatasi nyingine. Mara ya tatu.

Humu ndani sina haja ya kueleza, nusu yenu mna 01/01. Mimi ni Mbembe, kabila la kule kwetu Fizi. Nilifika Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, Tanzania, mwaka ule ule ilipofunguliwa, 1996. Karani akauliza umezaliwa lini. Nikamwambia 1963, mama alisema ulikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Fomu haikuwa na kisanduku cha mpunga. Akaandika Januari mosi, na hiyo Januari mosi imenifuata kwenye kila karatasi hadi Kentucky. Ndugu yetu Mrundi alisajiliwa Mtabila, kambi nyingine ya Kigoma, karani mwingine, jibu lile lile. Kila mwaka mpya wafanyakazi wenzangu kwenye ghala hudhani nawatania nikiwaambia mtaa mzima tunatimiza miaka siku moja.

Na kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba tarehe hainipi faida yoyote. Umri kwenye mchezo huu unahesabiwa kwa mwaka wa kalenda. Aliyezaliwa Januari mosi na aliyezaliwa Desemba 31 mwaka ule ule wako kundi moja. Ningekuwa mdanganyifu ningebadilisha mwaka, siku ya nini? Nilimweleza hivyo mama mmoja pale kwenye hema. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba anafuata utaratibu.

Muda wote huo saa inatembea! Mechi zetu zina kikomo cha muda, kikiisha inachezwa zamu moja ya mwisho basi. Dakika 25 nimesimama juani na leseni mkononi, na refa hakusimamisha saa hata sekunde. Tuliporudi uwanjani ilibaki zamu ya mwisho. Tukapoteza kwa pointi 2. Sisemi tungeshinda. Mrushaji wetu alikuwa kwenye kiti na barafu mguuni, na aliyeshika nafasi yake ni fundi bomba ambaye mipira yake inapanda kama ndege ya Dar halafu haishuki.

Sasa nitoke kwenye mechi kidogo niseme la moyoni kuhusu kanuni zenyewe.

Mchezo huu wa wazee umetungwa na watu wenye huruma, hilo nalikubali. Kituo cha kwanza kina vipande viwili, cheupe cha mlinzi na cha rangi ya chungwa cha mkimbiaji, ili tusigongane. Nyumbani, yaani kituo cha mwisho cha kupatia pointi, vilevile, mkimbiaji ana mahali pake na mdakaji pake, na hakuna kumgusa mtu kwa mpira pale: ukishavuka ule mstari wa njiani huruhusiwi kurudi, mdakaji anakanyaga tu. Goti likikataa unaombewa mtu wa kukukimbilia. Ukiwa timu dhaifu unapewa pointi 5 za kuanzia au mlinzi wa ziada. Timu yenye nguvu ikipiga nje ya uzio kupita idadi yake, mpigaji anatolewa. Yaani waliotunga walikaa wakafikiria magoti yetu, viuno vyetu, hata aibu yetu ya kufungwa pointi 30.

Halafu wakafika kwenye gongo wakatupa lenye moto kuliko la vijana. Hilo wengi hamlijui. Magongo ya wazee yana muhuri wake wa 1.21, kipimo cha jinsi gongo linavyorudisha mpira, na ukienda nalo kwenye ligi nyingi za vijana wanakutoa nalo nje. Sababu ni kwamba mikono yetu imepoa, basi tusaidiwe mpira ufike mbali. Sawa, nami nafurahia ukifika mbali. Lakini aliyesimama futi 50 mbele ya hilo gongo naye ni mzee! Macho yake yamepoa kama mikono yangu. Chama cha USA Softball kiliweka kikomo cha maili 98 kwa saa kwa mpira unaotoka kwenye magongo ya watu wazima. Pigeni hesabu: ni kama futi 144 kwa sekunde. Kutoka kwa mpigaji hadi kwa mrushaji ni kama sekunde 0.35. Na hiyo ni kwa gongo halali la chama kinachobana. Lililokwanguliwa je?

Mchezo huu ulianzia Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo la klabu ya mashua, kwa glovu ya ndondi iliyofungwa kamba na mpini wa ufagio. Leo mzee anayeishi kwa pensheni ananunua gongo la dola 350 kwa sababu mpinzani analo. Baridi ikishuka linapasuka, ananunua jingine. Katikati ya mji wetu hapa Main Street kuna gongo la chuma la futi 120 limeegemezwa kwenye jengo la makumbusho, watalii wanapiga nalo picha. Kila nikipita na gari naona ndiko tunakoelekea.

Ninachotaka ni kidogo sana. Magongo yote yapimwe asubuhi kabla ya mechi ya kwanza, yabandikwe stika ya siku hiyo, lisilo na stika lirudi kwenye gari. Kazi ya saa moja. Mbele ya mrushaji uwekwe wavu wa kinga, kuna ligi za mitaani zinauweka na hakuna aliyekufa kwa aibu. Mtu akidai kitambulisho, saa isimame. Na zile dola 100 zetu zirudi, maana hadi naandika hazijarudi na simu haipokelewi.

NYONGEZA, saa 4 usiku:

Naona mmeanza. Aliyeandika "mzee si ukae nyumbani ucheze bao": kaka, bao nacheza, Jumapili baada ya kanisa, na nakukaribisha ufungwe.

Dada wa Columbus, asante. Kwamba mume wako naye alitolewa leseni mbele ya watu kwa sababu ya 01/01 imenisikitisha na imenipa nguvu. Nitumie ujumbe pembeni, nataka tuandike barua ya pamoja kabla ya msimu ujao.

Aliyeuliza kwa nini sikusema nilipoliona gongo: nimeshajibu juu, ni kosa langu. Nilidhani mimi mgeni. Miaka 9 nalipa kodi hapa bado nilijiona mgeni mbele ya gongo la mtu.

Na anayesema tumelia kwa sababu tumefungwa, nimekuwekea picha ya ugoko hapo chini, imepigwa Jumamosi ile ile mchana. Mwenyewe ameruhusu. Mshono unaonekana. Hesabu.

Mrushaji ameenda hospitali Jumatatu, mfupa mzima, ila daktari amempa wiki 3. Leo jioni kanipigia kuuliza kama najua wapi wanauza kinga za ugoko za wacheza soka, zile nyepesi za kuvaa ndani ya soksi. Nimemwambia mwanangu anazo jozi mbili. Kesho nikitoka zamu ya usiku nampelekea.