Benoni (ufunguzi wa chess) inanimaliza kwenye Bb5+, nifanyeje wakuu?

Kete_Nyeusi: Wakuu, habari za jioni. Nina miezi minne nacheza Benoni kwa kete nyeusi mtu akianza d4. Naipenda kwa sababu haina kupoozana: askari watatu kwangu upande wa malkia, askofu wa g7 anapiga mstari mzima. Kinachoniua ni hii (N ni farasi, B askofu, x kula, + shaha, nukta tatu ni hatua ya mweusi): 1.d4 Nf6 2.c4 c5 3.d5 e6 4.Nc3 exd5 5.cxd5 d6 6.e4 g6 7.f4 Bg7 8.Bb5+. Jumamosi kijiweni nilikinga shaha kwa farasi wa b8, nikamweka d7. Mzee niliyekuwa nacheza naye, kikombe cha kahawa mkononi, akasukuma e5. Nikala, akala, farasi wangu wa f6 akakimbilia h5, mara askari wake huyo kaingia e6. Mfalme wangu bado yuko katikati! Niiache, au kuna dawa?

Farasi_Mzee: Farasi siye huyo. Rudisha wa f6 aende d7. Inatia aibu, najua, katoka halafu anarudi kumzibia njia mwenzake wa b8. Ila akisukuma e5 hakuna wa kufukuzwa. Utabanwa, hutakufa mapema.

Mpenda_Mitego: Achana nayo mkuu, hamia Budapest, ufunguzi mwingine wa mweusi. Hatua ya pili unapiga e5, unatoa askari, farasi anaruka g4. Kuna mtego pale wa kumuua mfalme kwa farasi d3, raha tupu.

Farasi_Mzee: Mzee wa kahawa atanasa mara moja tu. Jumamosi ya pili je?

Ngome_Kona: Mnatibu hatua ya 8 wakati ugonjwa uko hatua ya 2. Usiharakishe c5, cheza 2...e6. Akitoa 3.Nf3 ndipo upige c5. Farasi akishakaa f3 kamzuia askari wake wa f, hiyo f4 haipo tena mpaka ahame. Fischer aliingia Benoni kwa mlango huohuo mchezo wa tatu wa pambano la ubingwa wa dunia dhidi ya Spassky, Reykjavik 1972, akiwa nyuma 0–2. Ndio ule wa 11...Nh5: aliacha farasi aliwe na askofu, askari wakapangana mstari wa h mbele ya mfalme wake mwenyewe, watu wakashika vichwa. Akashinda, mara yake ya kwanza kumfunga Spassky. Lakini akitoa 3.Nc3 usipige c5, f4 itarudi. Peleka askofu b4, hiyo ni Nimzo, ufunguzi mwingine wa mweusi.

Kete_Nyeusi: Kumbe inabidi nijifunze na Nimzo. Na akicheza 3.g3?

Ngome_Kona: Piga c5 bila hofu. Askofu wake akienda g2, nani atakuja b5?

Kete_Nyeusi: Hahaha, sawa mkuu. Jumamosi nikitoka kijiweni naleta mrejesho.